Tumezoea

Jumanne ya tarehe sita Februari bahari iliingia makaburini kwetu Demak, pwani ya Java, ikamfunika marehemu mke wangu. Wakubwa walikuja, wakapiga picha, wakaondoka.

Juzi nikiwa kwenye basi dogo, binti anayesomea shahada ya uzamivu ya mabadiliko ya tabianchi alimuuliza Bu Warsini, mama muuza samaki, maji yakiingia ndani wanafanyaje. "Tunainua sakafu, mwanangu. Tumezoea." Binti akaandika kitabuni mwake. "Umeandika nini?" "Kwamba jamii ni stahimilivu, Bu." "Futa. Mwenzako aliandika hivyohivyo, wakubwa wakasema basi, hawa hawahitaji ukuta wa kuzuia bahari." "Lakini umesema mwenyewe." "Ile ilikuwa adabu. Ningekulilia humu garini?" Kalamu ilisimama, ila sikuona ikifuta.

Basi likafika sokoni. Bu Warsini akashuka, akamgeukia binti dirishani. "Hicho kitabu unamwandikia nani hasa?"