Blanketi la Morena na Kuwashwa kwa Injini

Mgeni rasmi, Morena Sekhobe, chifu wetu. Rakgadi Mmamosa, shangazi wa Morena. Wazee, akina mama na majirani:

KARIBU

Sisi wanakikundi wa Jicho la Bonde tunakukaribisha katika malisho haya ya chini, umande ukiwa bado umeganda majanini. Uji wa motoho umeshachemka kule uani. Utangoja, kwa sababu mwenye kikombe mkononi haikaribii injini.

TULIKOTOKA

Kikundi kilizaliwa wezi walipovusha ng'ombe wetu mto kuingia Lesotho, nasi tukabaki kufuata nyayo kwa miguu. Leo rubani wetu, Mme Puseletso, hujifunga injini mgongoni, hutandaza mwavuli wa kurukia nyuma yake, hukimbia kidogo na kuiacha ardhi. Fahali wako mwekundu, Morena, alionekana kutoka juu, amefichwa korongoni, anatafuna kwa starehe kama mgeni wa hotelini.

LILILOTUPATA

Hatutaficha. Msimu uliopita wa baridi tulimpa mshauri wako, Ntate Lekgowe, heshima ya kuvuta kamba ya kuwashia. Tulimvika blanketi jipya, kama ilivyo desturi, na hatukumwambia alivue, kama ilivyo desturi pia. Injini ilipowaka, rafadha, ile panga inayozunguka, ilinyakua upindo. Kwa rehema za Mungu pini ya shingoni ilifunguka, mwenyewe akabaki na shati.

"Blanketi langu limeruka kabla yangu," alisema, na watu wakacheka.

Wewe hukucheka, Morena. Ulisema mashine inayokula blanketi itakula na mtu, na kwamba leo utaiwasha kwa mkono wako mwenyewe, ndipo uamue kama malisho haya yatabaki kuwa uwanja wetu. Bila uwanja huu, tutarudi kwenye nyayo.

TUNAVYOIWASHA

Ni haki yako kujua. Asubuhi ya baridi mafuta huwa hayajafika kwenye kabureta. Mme Puseletso huminya ule mpira mdogo wa kwenye bomba, taratibu, mpaka mapovu yaishe. Hapo huacha. Mwenye pupa akizidi kuminya, injini hulewa mafuta, na injini iliyolewa ni kama mlevi yeyote: ukiiamsha haiamki, halafu huamka kwa fujo usipoitarajia.

Kisha huhakikisha akseleta imeachiwa kabisa na swichi ya kuzimia iko chini ya kidole. Msaidizi huishikilia fremu ya injini imara isiruke. Hakuna anayesimama usawa wa rafadha, wala nyuma yake. Mme Puseletso hutazama kila upande, hupaza sauti, "Tokeni!" na kungoja. Akiridhika, ndipo huvuta.

Yote hayo tuliyafanya siku ile. Injini haikukosea. Tulikosea sisi, tulioona haya kumwambia mkubwa avue.

OMBI

Ombi letu ni moja. Morena, vua blanketi kabla ya kushika kamba.

Tunajua Morena havui mbele ya watu, wala hakuna mkono miongoni mwetu unaostahili kulipokea. Kwa hiyo tulimwendea Rakgadi, tukakaa kitako, tukaanza kueleza kwa kirefu na kwa adabu. Alitukatiza.

"Huyo nimemfunga nepi. Blanketi ndilo litakalonishinda?"

Atalishika yeye.

Na ili usiwe peke yako, geuka utazame uzio. Yaliyotundikwa pale ni mablanketi yetu sote. Lile lililoraruka upindo ni la Ntate Lekgowe, ambaye amesema leo halitaruka bila yeye. Tumesimama mbele yako na mashati tu, wazee kwa vijana, meno yanagongana. Tumekubaliana kwamba hakuna atakayejifunika mpaka injini iwake.

Kwa hiyo, Morena, kwa heshima zote, tunakuomba usikawie.

Mungu akupe amani, mvua, na ng'ombe wanaorudi zizini wote.

Ni sisi wako,
Jicho la Bonde

Imesomwa na Ntate Ramohapi, katibu, kwa niaba ya wanaotetemeka