Mbunge Aliyewapandisha Wenzake Basi la Wagonjwa

Alhamisi hii, tarehe 16 Novemba, Mheshimiwa Rudayna al-Hamaydi, ambaye hapa Ayn Butm sote tunamwita Umm Nayif, anastaafu baada ya kututumikia bungeni kwa miaka kumi na sita. Ukihesabu tangu siku alipoapishwa mara ya kwanza utapata ishirini, lakini minne ya katikati wapiga kura walimpa likizo, na habari za likizo hiyo zitafika mahali pake. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu huu kwa sababu nimekaa naye ofisini tangu mwanzo. Imeniomba pia niwe mfupi. Nitajitahidi.

Kabla ya siasa Umm Nayif alikuwa mkunga kwenye kituo chetu cha afya. Alipogombea mara ya kwanza, wapinzani wake walizunguka na magari yenye vipaza sauti na picha zao kubwa kuliko milango. Yeye alizunguka kwa miguu, akigonga nyumba kwa nyumba na kuulizia hali za watoto aliowapokea duniani, wengine wakiwa tayari na ndevu. Mzee mmoja wa ukoo shindani alilalamika barazani kwao, mbele ya watu: "Jamani, tutashindanaje na mtu aliyewaona wapiga kura wote wakiwa uchi?" Hawakuweza. Alishinda.

Ofisi yake ya jimbo ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mikate, na ndivyo ilivyo hadi leo. Asubuhi harufu ya mkate ilipanda ngazi pamoja na watu wenye shida zao. Huyu anataka uhamisho, yule anataka mtu wa kumshika mkono wizarani, wa tatu anataka tu kunywa kahawa chungu na kuilaani serikali. Umm Nayif aliwasikiliza wote, na yule wa tatu akaongezewa kikombe.

Nakumbuka alipokuja Umm Saqr, akilia kwamba mwanawe aliyeko jeshini mpakani anakufa kwa baridi na lazima arudishwe karibu na nyumbani. Umm Nayif akampigia simu kamanda palepale, kijana akaitwa, na sauti yake ikajaa chumba kizima: "Shangazi, nakusihi, niache hukuhuku! Nikirudi tu, mama ataniozesha binti wa mjomba." Umm Saqr alifuta machozi, akakaa wima, akasema: "Sasa namtaka hapa kesho asubuhi." Kijana alibaki mpakani. Binti wa mjomba, nasikia, naye alishukuru.

Lakini jambo ambalo mji huu utamkumbukia Umm Nayif ni mashine za kusafisha damu.

Miaka ile wagonjwa wetu wa figo walisafirishwa hadi Amman mara tatu kwa wiki kwa basi dogo la halmashauri. Mtu aliyewahi kusafishwa damu anajua kwamba mashine inakuachia mwili kama nguo iliyokamuliwa. Sasa hao wakamuliwe, kisha wapakiwe, warudi kwa saa kadhaa kwenye barabara ya jangwani, malori yakiwapita kwa kishindo. Miongoni mwao alikuwa Hajja Nuf, mjane mwembamba mwenye ulimi mkali, aliyewahi kuuza jibini sokoni na kumfukuza kwa fimbo mteja yeyote aliyeonja bila kununua.

Umm Nayif aliiomba wizara kitengo kidogo katika hospitali yetu. Akajibiwa kwamba wagonjwa wa Ayn Butm hawajafika idadi inayotakiwa. Akauliza: "Kwa hiyo mnanishauri tuugue zaidi?" Ofisa akacheka kwa adabu, na jibu likabaki lilelile. Akaenda kwenye Kamati ya Fedha, ambako mwenyekiti, Mheshimiwa Fawwaz, mtu mnene, mcheshi na mpenda chakula, alimwambia kwamba anamhurumia sana, ila bajeti ni shuka fupi, ukifunika kichwa miguu inabaki nje.

Majira ya baridi yalipoanza, basi lilikwama kwenye theluji, pale barabara inapopanda mlima, wagonjwa wakiwa ndani, na likaja kuvutwa na trekta. Siku ya safari iliyofuata Hajja Nuf hakutoka nyumbani. Mimi na Umm Nayif tulimkuta amejifunika mablanketi kando ya jiko la mafuta.

"Simpandi tena yule punda wa chuma," alisema. "Kama ni kufa, nife nikiwa hapa, nikinuka kitanda changu. Nisife nikinuka dizeli."

"Hajja, ukiacha utakufa kweli," Umm Nayif akamwambia.

"Najua. Mimi si mtoto."

Umm Nayif hakubishana. Alikaa chini kwenye mkeka, akamchukua mkono. Kisha akasema: "Nipe mpaka bajeti ipite. Nikishindwa, sitakugombeza tena, na nitakuja kukaa nawe hapahapa."

Hajja Nuf alimtazama, akatazama jiko, akasema: "Mwambie dereva aache kuvuta sigara." Siku ya safari iliyofuata alipanda basi.

Sasa mbunge wetu alikuwa ametoa ahadi asiyoweza kuitimiza peke yake. Na wiki chache baadaye ukaja mtihani. Mkubwa mmoja serikalini, ambaye sitamtaja, alimpa pendekezo tamu: vijana kumi na wawili wa ukoo wa Umm Nayif wataajiriwa, ila suala la mashine lipumzike, na yeye aipigie bajeti kura bila maneno. Wabunge wengi wangefunga mlango na kuamua peke yao. Umm Nayif alirudi nyumbani, akaliita baraza la ukoo na kulieleza jambo zima kama lilivyo.

Baraza lililipuka. Kati ya vijana waliotajiwa kazi alikuwemo Mutasim, mtoto wa kaka yake, mhandisi mwenye shahada na miaka mitatu ya kuchezea simu. Umm Nayif alikuwa amempokea kwa mikono yake mwenyewe alipozaliwa. Mutasim alisimama mbele ya wazee.

"Shangazi, wale watu wa basi ni wa koo zote. Wengine hata hawakukupigia kura. Mimi ni damu yako."

"Ndiyo, mwanangu. Ni damu yangu."

"Na unaniuza kwa mashine?"

"Nakuuza," alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Na sijui kama nitapata cha kukukomboa. Lakini wewe una afya ya kunichukia miaka mingi. Hajja Nuf hana."

Mutasim alitoka bila kunywa kahawa. Kwetu, kuiacha kahawa ya mtu ni sawa na kumtukana mbele ya kadamnasi. Kaka yake Umm Nayif hakusema naye tangu siku ile hadi baada ya Idi.

Hapo ndipo alipobuni mwaliko. Aliwaalika wajumbe wa Kamati ya Fedha waje Ayn Butm kula mansafu, kondoo mzima juu ya wali, mapishi ya mumewe Abu Nayif, mpishi mstaafu wa jeshi ambaye mchuzi wake wa mtindi unajulikana hadi mkoa wa pili. Mheshimiwa Fawwaz alikubali kabla mwaliko haujaisha kusomwa. Kulikuwa na sharti moja dogo, Umm Nayif alisema: barabara ya kwake ni nyembamba na magari ya bunge hayatapata pa kuegesha, kwa hiyo wakutane kwenye hospitali moja ya Amman, naye atawaletea usafiri.

Usafiri ukaja. Lilikuwa basi la wagonjwa, lililoongezewa viti vya plastiki njiani katikati, na wagonjwa wenyewe ndani yake, wametoka kwenye mashine muda huohuo. Waheshimiwa walisimama kwenye ngazi za hospitali na suti zao. Kurudi nyuma mbele ya wagonjwa ilikuwa aibu. Wakapanda.

Nilikuwa kwenye kiti cha mbele, na nasema niliyoyaona. Kwa nusu saa ya kwanza kulikuwa na mazungumzo na mizaha. Kisha mizaha ikaisha. Mgonjwa mmoja alikakamaa misuli ya miguu akawa anauma kola ya koti lake asipige kelele. Basi lilisimama mara kadhaa ili Hajja Nuf atapike. Aliyekuwa kiti cha jirani yake ni Mheshimiwa Fawwaz, na mara ya mwisho dereva hakuwahi kusimama, ikabidi mwenyekiti wa Kamati ya Fedha amshikie mfuko kwa mkono mmoja na kumshika paji la uso kwa mwingine.

Hajja Nuf alipopata nguvu alimgeukia. "Mwanangu, una mikono mizuri. Wewe ni daktari?"

"La, Hajja. Mimi ni mbunge."

Akampigapiga goti kwa huruma. "Usijali. Mungu atakufungulia riziki nyingine."

Basi zima lilicheka, wagonjwa kwanza, kisha wabunge. Mheshimiwa Fawwaz alicheka hadi akatoa leso, na alipoitoa akaendelea kuishikilia machoni hata kicheko kilipokwisha.

Walifika mansafu imepoa. Abu Nayif, aliyekuwa ameamka mapema kuliko mwadhini kwa ajili ya nyama ile, alisimama mlangoni na mwiko wake akiona waheshimiwa wanakaa kuzunguka sinia na hakuna anayenyoosha mkono. "Nini hiki?" alimnong'oneza mkewe kwa sauti ambayo ilisikika mpaka kwa jirani. "Nimechinja kondoo, nao wanatazama soksi zao!" Umm Nayif akamjibu: "Waache. Ndiyo mara ya kwanza naona kamati inafikiri."

Bajeti ilipoletwa bungeni, kifungu cha mashine za Ayn Butm kilikuwemo. Wizara ilipinga tena kwa hoja ya idadi, na Mheshimiwa Fawwaz ndiye aliyesimama kuijibu, akaieleza ile barabara kipande kwa kipande. Kifungu kikapita. Kitengo kilifunguliwa kabla ya baridi iliyofuata, na Hajja Nuf ndiye aliyeketi wa kwanza. Tulitegemea dua au machozi. Alisema kiti kiko karibu mno na mlango na upepo unaingia. Kiti kikasogezwa. Alikitumia kwa miaka mingi akiwa hai na analalamika, na alipofariki, alifariki kitandani kwake.

Kuhusu zile kazi kumi na mbili, ziliyeyuka, na ukoo haukusahau. Uchaguzi uliofuata Umm Nayif alianguka vibaya, na aliyekuwa akibandika picha za mpinzani wake usiku na mchana ni Mutasim. Hiyo ndiyo likizo niliyoitaja. Alilia siku moja, nyuma ya mlango, na siku ya pili akaniambia nimletee funguo za ofisi. Kodi ililipwa kwa pensheni yake ya ukunga. Watu walipanda ngazi kama kawaida, maana mbunge mpya alikuwa haonekani, hata kwa darubini.

Miaka minne ilipokwisha, baraza lilikutana kuchagua mgombea. Aliyesimama wa kwanza alikuwa Mutasim. "Mimi nilimpigia kampeni yule bwana na nikashinda," alisema. "Mnajua alinipa kazi gani? Kumfungulia mlango wa gari. Nina shahada ya uhandisi, jamani, na ninafungua mlango." Watu wakacheka, naye akasubiri wanyamaze. Kisha akamgeukia Umm Nayif: "Nakupendekeza wewe. Lakini sijasahau, shangazi."

"Wala usisahau," alijibu, na akammiminia kahawa mwenyewe. Safari hii aliinywa. Mutasim ndiye aliyeendesha kampeni zote zilizofuata, kwa ukali ambao mara nyingine ulitutisha hata sisi wa upande wake.

Katika vipindi vilivyobaki Umm Nayif alituletea majiko ya kupasha joto madarasa ya wasichana, ruzuku ya chakula cha mifugo mwaka ule wa ukame, na lami ya barabara ya juu. Hakufanikiwa kila kitu, na angenikasirikia kama ningeandika vinginevyo. Maji bado yanatufikia mara moja kwa wiki, tena kwa manung'uniko. Kiwanda cha kukamua zeituni kiliahidiwa na mawaziri watano, na mpaka sasa kilichojengwa ni kibao chake. Katika hotuba yake ya mwisho bungeni alivitaja vyote viwili, akawaomba radhi watu wake akiutaja mji kwa jina, kisha akamwambia waziri aliyekuwepo: "Nami nastaafu, lakini simu yangu haistaafu."

Jumapili iliyopita tulikuwa tunafunga maboksi ofisini. Picha zimeshushwa ukutani, mkoba wake uko begani. Mchunga kondoo mmoja kutoka vijiji vya bonde akapanda ngazi akihema, akaanza kueleza habari za mwanawe na nafasi ya chuo.

"Baba, umechelewa," Umm Nayif akamwambia kwa upole. "Kuanzia Alhamisi mimi si mbunge tena."

"Najua," alisema yule bwana, akavuta kiti. "Ndiyo maana nimekuja. Nimesikia sasa una nafasi."

Umm Nayif alinitazama. Nilitazama maboksi. Akauweka mkoba chini, akaketi, akasema: "Haya. Mwanao anaitwa nani?"

Umm Nayif, wafanyakazi wenzako, wagonjwa wa kitengo chetu na mji mzima wa Ayn Butm tunakushukuru. Tunamwomba Mungu akupe afya, wajukuu wasikivu, na mapumziko marefu na matamu, hata kama sote tunajua kila siku utasema utayaanza kesho kutwa.