Na Wengine Je? Maisha ya Pamela Kahonzi Mwaro (1983–2025)

Marehemu Pamela Kahonzi Mwaro alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 huko Ganda, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Mwaro Lewa na mama Sidi. Tangu utotoni hakuwa mwepesi wa kuamini. Akipewa uji alitaka kujua nani ameuonja kwanza, hata mama yake akawa anajiuliza kama amezaa mtoto au amezaa askari kanzu.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, kisha sekondari ya bweni, akamaliza mwaka 2001. Lakini somo lililomkaa zaidi hakulipata darasani. Mwaka 1996 shangazi yake alifariki, na wasifu uliosomwa kaburini ulisema "aliugua kwa muda mfupi", basi. Ugonjwa haukutajwa, maana ndivyo watu wanavyositiriana. Waombolezaji wakaondoka na sentensi ile, kila mmoja akaijazia lake, na kabla matanga hayajaanuliwa babu yake Pamela, mzee Lewa, alikuwa ameshaitwa mchawi kwa sababu ya mvi zake. Alihamia Marereni kwa binti yake aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi, akafia huko. Pamela hakuisamehe sentensi ile maisha yake yote.

Alipata stashahada ya maabara Mombasa mwaka 2005, na mwaka 2007 akaajiriwa na kituo kimoja cha utafiti mjini Kilifi. Kazi yake ilikuwa kutunza na kupima protini ya panya. Wengi hapa wameisikia ikiitwa "dawa ya panya" na wameingiwa na hofu, kwa hiyo na ielezwe. Mwili wa panya, kama wa mtu, una protini ya kutuliza uvimbe, ili kinga isipindukie mpaka. Wataalamu huchukua kwa panya maelekezo ya kuitengeneza, huyatia ndani ya bakteria, na bakteria huizalisha kwa wingi. Ikishasafishwa hufika ikiwa unga usioonekana vizuri chini ya kichupa. Pamela aliitia kwenye seli za panya zilizochokozwa, aone kama zitatulia. Haikuwa dawa ya binadamu, na hakuna aliyedungwa, yeye wala mwingine.

Siku moja seli zilitulia vizuri mno, naye akawaita wenzake waje washangilie. Kisha akazigeukia zile nyingine, ambazo kwa desturi ya kazi huachwa bila kupewa protini ili kulinganisha. Nazo zilikuwa zimetulia tuli. Kumbe kichokozi, kile kinachotiwa kuzichokoza seli, ndicho kilichoharibika, na protini haikuwa imefanya lolote. Aliona haya, na tangu hapo, kila alipoambiwa kwamba hiki kimeleta kile, swali lake lilikuwa moja: "Na wengine je?"

Alifunga ndoa na mwalimu Owen Okoth tarehe 10 Desemba 2011, kanisani Muyeye. Kabla ya kumkubali alikwenda shuleni kwake, akajifanya mzazi anayetafuta nafasi ya mtoto, akachungulia dirishani kuhakikisha kwamba bwana huyo anafundisha kweli. Owen husema hata wakaguzi wa serikali hawajawahi kumkagua namna ile. Walijaliwa watoto wawili, Hope na Nicholas, nao walipendwa sana na kuulizwa maswali mengi.

Mwaka 2021 viungo vyake vilianza kuvimba. Hospitalini ikagundulika ni lupus, ugonjwa wa kinga kuugeukia mwili wenyewe. Ilimuuma, wala hakuficha, kwamba amefanya kazi miaka yote na kitulizo cha uvimbe wa panya, na uvimbe wake mwenyewe haukupata cha kuumaliza. Alitumia dawa, akapata nafuu, akarudi kazini, mpaka mwaka huu figo zilipoingiliwa. Hapo minong'ono ikaanza. Wengine walisema ni ile kazi ya panya. Wengine wakamtaja baba yake mdogo, mzee Kiponda Lewa, kwa kuwa alimpelekea mahindi ya kuchoma siku chache kabla hajalazwa. Mzee alipokwenda kumwona hospitalini, alisimama mlangoni.

"Mwanangu, niingie ama nirudi? Huko nyumbani wanitazama vibaya."

"Ingia, baba. Wasemaje?"

"Wasema ni yale mahindi."

Pamela alicheka mpaka akakohoa. "Nimeyala na Owen, na watoto, na Kadzo huyu, na jirani naye akaomba. Na wengine je?" Kisha kicheko kikamwisha. Akamshika mkono mdogo wake Kadzo, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu. "Mkija kuandika wangu, msiandike muda mfupi. Utajeni ugonjwa kwa jina lake. Nawajua nyinyi."

Alitujua kweli. Rasimu ya kwanza iliyotoka kwa kamati ya mazishi ilisema marehemu aliugua kwa muda mfupi, na katika orodha ya jamaa jina la mzee Kiponda halikuwemo. Kila aliyeulizwa alisema limesahaulika tu. Kadzo hakuamini, na hata sasa haamini. Kwa hiyo isikike vyema: Pamela aliugua lupus kwa miaka minne, ikamharibia figo, akafariki alfajiri ya Jumanne tarehe 9 Septemba 2025 hospitalini Kilifi, mumewe akiwa kando yake. Waliokula naye mahindi wote wapo hapa, na ni wazima.

Ameacha mume, mwalimu Owen, watoto, Hope na Nicholas, mama, Sidi, mdogo wake, Kadzo, na baba yake mdogo, mzee Kiponda Lewa, ambaye, jinsi tunavyomjua siku hizi, atakuwa amesimama nyuma ya watu wote. Marehemu aliomba yeye ndiye atie udongo wa kwanza. Tafadhali apishwe njia.

Apumzike kwa amani Pamela, na mzee Kiponda aachwe alale nyumbani kwake kwa amani.