Mkono wa Kulia wa Pembe Mbili

Kijiwe chetu kipo nyuma ya stesheni ya Dodoma, juu ya taruma la chuma ambalo Wajerumani walilisahau walipomaliza kulaza reli, nasi hatukuwakumbusha. Athuman wa Kondoa ndiye anayetuuzia kahawa. Seth tunamwita Hakimu, maana huhukumu kesi ambazo hakuna aliyezishtaki. Bartolomayo ni Bwana Moshi. Hupakia kuni za treni, basi anajua yote. Mimi ni Matonya, ila niiteni Pembe Mbili. Enzi za misafara nilibeba pembe mbili za ndovu kichwani kutoka Tabora hadi pwani, wenzangu wakibeba moja na kulia njia nzima. Asubuhi ile nikapokea kikombe kwa mkono wa kushoto, kama nilivyokuwa nafanya tangu mavuno.

— Pembe Mbili, mbona unamdharau Athuman? Hakimu akaanza. Kila siku kushoto, kushoto. Kakukosea nini?

— Simba wa nyika ya Marenga Mkali, nikasema. Nilimkaba kwa huu wa kulia. Sasa naupumzisha.

— Juzi ulisema chui, Athuman akanikumbusha.

— Walikuwa pamoja.

Bwana Moshi akatema mate pembeni.

— Mwongo huyu. Ni waya wa simu! Aliegemea nguzo, maneno ya boma yakampitia mkononi. Mkono ule sasa unajua Kijerumani tu. Akiuambia shika, hauelewi.

— Wewe nawe! Hakimu akasema. Anakwepa kulima barabara. Akija askari, anaonyesha mkono mfu.

— Na je, mlango wa tembe lake kufungwa kila asubuhi? Bwana Moshi akauliza. Mle ndani kunalia kitu: chwa, chwa, chwa.

— Maji hayo, Athuman akasema.

— Maji ya nini? Hakimu akadakia.

— Ya mamba! Bwana Moshi akapiga kelele. Anafuga mamba, jamani. Mkono kamlisha kidogo kidogo!

Nikacheka kuliko wote, huku mkono wa kulia nimeuzika ndani ya shuka.

Ninyi nawaambia ukweli kwa kuwa hamnioni uso. Ni shingo. Ile mizigo iliisaga mifupa yake hadi ikaanza kukwaruzana, maumivu yakashuka begani, vidole vikafa ganzi, mwishowe nikawa naangusha hata kijiko cha uji. Mke wangu Dorkasi akanipeleka kwa Bibi Loisi, mkandaji. Bibi akanipapasa shingo, akasema mifupa iliyolika haioti upya, lakini mkono unaweza kurudi nikitii. Nisijitwike kitu kichwani tena maisha yangu. Akanifunga shingo kwa kitambaa chenye chumvi ya moto, akanilaza, akanikanda taratibu. Maumivu yalipopoa akanipa dawa ya nguvu: kibuyu.

— Suka maziwa, akasema. Polepole. Ukichoka, acha. Kesho tena.

Mimi! Mgogo mzima, nisuke maziwa kama mke wa mtu! Heri wangesema nimeiba ng'ombe. Hilo angalau lina sifa yake. Lakini nilisuka, mlango nimefunga. Na alfajiri ya siku ile ile, kwa mara ya kwanza, vidole vilikikaza kibuyu bila kuteleza mpaka siagi ikajikusanya. Kikombe cha kwanza woga ulinishinda, nikaapa cha pili nitakipokea kwa kulia, wote wakiona.

Athuman alikuwa ndiyo kwanza anakimimina alipofika dada yake, Mishi, mgeni wa juzi kutoka Kondoa, aliyepanga nyuma ya tembe langu. Alimletea kaka yake mkaa.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Baba Matonya, samahani, nauliza tu. Mama Dorkasi nimemwacha kisimani, yuko huko tangu kucha. Sasa alfajiri nyumbani kwenu nani alikuwa anasuka maziwa?

Hakimu, ambaye hajawahi kukosa hukumu, akachungulia ndani ya kikombe chake. Bwana Moshi akatazama reli kana kwamba treni inakuja, na haikuwa siku yake. Kisha, mmoja baada ya mwingine, macho yao yakashuka kwenye shuka langu, penye doa la siagi bichi.

Athuman alikuwa bado amenyoosha kikombe. Nikautoa mkono wa kulia, nikakipokea, nikakiinua hadi mdomoni. Hakikutetemeka. Halikumwagika hata tone.

Hakuna aliyekitazama kikombe.