Mama Suntali na Jirani wa Nyumba ya Chini

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa Lapsibot, nanyi mliopanda tangu asubuhi kutoka barabarani, poleni na msiba, poleni na mlima. Mume wangu Santalal ndiye aliyepaswa kusimama hapa, lakini sauti imemkauka, basi familia imenituma mimi mkwe, nami sitawachosha, maana wote tumechoka.

Marehemu Mama yetu Suntali Waiba alizaliwa mwezi wa Asar mwaka 2011 wa kalenda yetu ya Kinepali, katika kijiji cha Bhirkuna ng'ambo ya mto, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Rinjen Waiba na Bi Phurba, ambao wote wametangulia. Shule hakuiona, kwa kuwa siku zile mtoto wa kike wa kabila letu la Tamang alipewa mbuzi wa kuchunga, si daftari, na kusoma alijifunza ukubwani, kanisani, kwa kufuata kidole cha mchungaji kwenye Biblia, na hadi mwisho alisoma kwa kunong'ona, akigombana na maneno marefu.

Mwezi wa Falgun mwaka 2030 aliolewa hapa na Mzee Aite Singh Moktan, ambaye naye ametangulia, wakajaliwa watoto watatu, wawili wakazikwa wangali wachanga, akabaki Santalal, aliyezaliwa mwaka 2041. Kazi yake ilikuwa shamba la wimbi na kubeba mizigo ya watu kutoka barabarani, kwa tenga la mgongoni na mkanda wa kichwani. Alibatizwa mtoni mwezi wa Push mwaka 2049, katika baridi mnayoijua, na aliporudi, jirani yetu wa nyumba ya chini, Bibi Maili Ghising, alimsubiri njiani, akamwambia mbele za watu, "Haya, umeshakuwa wa Yesu. Uani kwangu usikanyage, na moto usije kuomba." Mama hakukanyaga tena kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kisha likaja tetemeko la Baisakh mwaka 2072, nyumba ya chini ikaanguka, Bibi Maili akavunjika nyonga, wanawe walikuwa Malaysia na huko wamebaki hadi leo, ndugu zake wakamjengea kibanda cha mabati wakaondoka, na jioni moja Mama akafunga ugali wa wimbi na mchuzi wa mboga kavu, akashuka.

Hapa naomba niseme ukweli, kwa sababu wengi wenu mnadhani alishuka kwa furaha. Furaha ya wapi! Alipokelewa kwa kuambiwa, "Huu ni ugali au udongo wa kukandikia ukuta? Kama ni Mungu wako aliyekutuma, mwambie atie chumvi." Mama akapanda amenuna, akatangaza jikoni, "Sishuki tena, abaki na ulimi wake," kesho yake jioni ikafika, akakaa mbele ya sahani yake, akaisukuma kando bila kuonja, akanyanyuka, akajitanda shali, akashuka akinung'unika njia nzima, sote tukimsikia. Ikawa hivyo karibu miaka kumi, kwenye mvua na kwenye ukungu, kumlisha, kumwogesha, kumwaga ndoo yake, mpaka magoti yakamwisha.

Jumamosi moja, siku yetu ya ibada, mchungaji alimsifu kanisani kwa upendo wake, Mama akasimama palepale, akasema, "Mchungaji, kaa na sifa zako. Yule mama simpendi. Nampelekea chakula tu." Watu wakacheka, mchungaji akaanzisha wimbo. Lakini Mama alirudi nyumbani amenyong'onyea, akaniuliza kama Mungu anapokea kazi iliyofanywa kwa hasira.

Mwezi wa Kartik mwaka huu wa 2081 moyo wake ulianza kushindwa, miguu ikavimba, tukamshusha hospitali, daktari akamkataza mlima na mizigo, naye akauliza, "Na sufuria ndogo, daktari, nayo ni mzigo?" Tangu hapo alitutuma sisi, na hakuonja chake kabla hajauliza, "Mmeshampelekea?"

Jioni ya tarehe 9 mwezi wa Magh hali ilibadilika, tukamzunguka, na hakuna aliyekumbuka nyumba ya chini. Akafumbua macho, akauliza lilelile, "Mmeshampelekea?" Santalal akamsihi, "Mama, leo niache nikae na wewe," naye akamjibu, "Mwanangu, yule ana njaa. Mimi sina." Basi Santalal akashuka, akamlisha Bibi Maili tonge kwa tonge huku akifokewa kwa kuchelewa, na aliporudi mbio, Mama alikuwa ameshatutoka mikononi mwangu, akiwa na umri wa miaka sabini. Ndugu zangu, yamepita maneno hapa kijijini kwamba mwana wa pekee hakuwepo mama yake akikata roho. Ni kweli, hakuwepo. Sasa mnajua alikuwa wapi na nani alimtuma, na tafadhali, mwacheni.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, mkwe na wajukuu wawili.

Tunawashukuru daktari na wauguzi, wabebaji wenzake wa barabarani waliombeba kwa zamu hadi hospitali bila kulalamika, vijana wa kanisa mliochimba kaburi kwenye mawe haya, na majirani msio wa imani yetu mlioleta kuni na mchele kabla hatujaomba.

Chakula kipo, msiteremke na njaa. Jana familia ilikaa kuzungumza nani atampelekea Bibi Maili chakula kuanzia leo, na hatukuafikiana, Santalal anarudi kazini Kathmandu, watoto wana shule, na mimi, Mama anajua, ulimi wa yule bibi siuwezi.

Mama, umechoka vya kutosha, pumzika kwa amani. Jioni nitashuka mimi, hivihivi nimenuna.