Nyongo ya Pikipiki ya Nzuki Mbuvi

Pasta, wazee wa ukoo, wakwe zetu kutoka Mbooni, majirani na nyinyi mliofanya kazi na marehemu, kabla sijasoma karatasi hii naomba kila mtu ainue mkono aape kwamba haya nitasema yatabaki hapa bomani, yasifike sokoni Jumatatu. Asanteni, shusheni mikono. Mimi mwenyewe niliapa tarehe 12 Julai mwaka huu, mkono juu ya Biblia ya pasta, kwamba sitafungua mdomo, na leo naufungua.

Naufungua kwa sababu ya Mzee Kiilu, yule amekaa peke yake kule kwa mlango wa boma, ambaye ametoka Tseikuru kuja kumzika rafiki yake, na jana ndugu yetu Muli, msemaji wa ukoo, akamwambia mbele ya watu kwamba hatatupa mchanga kwa kaburi la Nzuki kwa ajili ya yale mambo ya 1971, na mimi nilikuwa hapo, nikainama nikaendelea kuosha sufuria.

Marehemu Nzuki Mbuvi alizaliwa hapa Migwani tarehe 4 Septemba 1943, hiyo ni tarehe ya kanisa, baba yetu alikumbuka tu kwamba mtama ulikuwa umeisha ghalani, na alikuwa mtoto wa pili, wa kwanza ni mimi Syokau, ninayesoma. Alianza shule mwaka wa 1951, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1959, mimi niliishia darasa la tatu lakini kila neno hapa nimeandika mwenyewe. Alisomea mambo ya mifugo mwaka wa 1964 na 1965, akaandikwa kazi tarehe 1 Machi 1966, akachanja ng'ombe Tseikuru miaka minne, akahamishwa Kiboko mwaka wa 1970, na Januari 1971 serikali ikampa pikipiki.

Pale Kiboko waendesha pikipiki wa serikali walikuwa sita na mkubwa wao alikuwa Kiilu, bwana kilimo, mtu wa mzaha usioisha, na desturi yao ilikuwa kwamba mgeni akipewa pikipiki lazima adanganywe akatafute spea ambayo haiko, mmoja alitumwa maini ya gia, mwingine alishinda mchana kutwa ameshika mkebe chini ya injini akingoja jasho la silinda, wakacheka, wakamnunulia chai, akawa mwenzao.

Sasa Nzuki alikuwa amepata msichana wa Mbooni, Muthoki, binti ya Mzee Kisilu, na siku ya kupeleka mbuzi za ntheo ikawekwa Jumamosi tarehe 17 Aprili 1971, na nyote mnajua bila ntheo mwanamke si wa mtu. Mzee Kisilu alikuwa ametangaza kanisani kwao kwamba mkwe atapanda mlima na pikipiki, kwa hivyo Nzuki hakutaka kufika kwa miguu. Ijumaa asubuhi pikipiki ikakataa kuwaka, ikawa inanuka uchungu, akakimbia barabarani akakutana na Kiilu akielekea kazini, akamweleza, na Kiilu bila hata kuzima injini akasema, "Bwana Mifugo, hiyo nyongo imepasuka, usiiguse tena, itaharibu injini yote, panda lori uende Machakos ununue nyingine."

Mtu mwingine angecheka, lakini Nzuki alikuwa amepasua mbuzi wengi kuliko miaka yake, alijua nyongo ikimwagika nyama yote ni ya kutupa, na ile harufu aliisikia kwa pua yake, akaamini. Duka la kwanza Machakos walimwambia nyongo zimeisha jana, la pili wakamuuliza anataka ya dume ama ya jike, la tatu wakamwambia ziko Kitui, na Jumamosi saa sita mchana akawa Kitui mbele ya Bwana Waithaka, mtu wa Nyeri aliyeuza spea pale, ambaye alimkalisha kwa kiti akamwambia pole pole, "Ndugu yangu, injini haina nyongo, wala figo, ni nani amekutuma?"

Wakati huo wazee wetu walikuwa Mbooni na mbuzi, na bwana harusi hayuko, na jua lilipoanza kushuka Mzee Kisilu akawaambia, "Rudini na wanyama wenu, mimi siozi binti yangu kwa mbuzi."

Jumatatu fundi alipoangalia pikipiki akakuta bakuli ya kabureta, kile kikombe kidogo kinachoshika petroli, imefunguliwa, haiko, na kwa sababu Kiilu alionekana amechuchumaa kando yake Alhamisi, watu wote wakasema mzaha umekuwa wizi, Kiilu akaapa, hakuna aliyemwamini, akaomba uhamisho akaenda Tseikuru, na tangu siku hiyo yeye na Nzuki walipeana salamu ya serikali tu.

Mzee Kisilu alilainika baada ya miaka miwili, ntheo ikapelekwa, harusi ikafanyika kanisani Mbooni tarehe 8 Desemba 1973, Mungu akawajalia watoto wanne, Mbuvi aliyezaliwa 1974, Ndululu 1977, Kalunde 1980, na wa mwisho, 1983, wakamwita Syokau, jina langu, na siku hiyo nililia, watu wakafikiri ni furaha.

Marehemu alistaafu mwaka wa 1996 akarudi hapa nyumbani, akaanza kusumbuliwa na sukari, akalazwa mara tatu. Jumapili tarehe 12 Julai 1998 tulikusanyika kitandani kwake watu wanane, pasta akaomba, macho yote yakafungwa, na maombi ya pasta wetu mnayajua urefu wake, nikaona nitoe ugoro wangu kifuani nivute kidogo kabla ya amina. Mgonjwa macho yake yalikuwa wazi. Akasema kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia mwezi mzima, "Syokau! Hiyo ni bakuli ya kabureta yangu!"

Pasta akanyamaza, wote wakafungua macho, na mimi nimeshika bakuli, vidole viwili ndani, ugoro puani. Nikasema niliiokota. Nzuki akauliza, "Uliiokota na bisibisi?"

Hapo nikasema ukweli, kwamba nilikuwa nimeenda Kiboko kumfulia nguo za ntheo, nikaifungua bakuli mimi, kwa sababu nilitaka aoe rafiki yangu Ndila wa hapa Migwani ili asiende mbali na sisi, na huyo Ndila hata hakumtaka. Nzuki alicheka mpaka akakohoa. Muthoki hakucheka, aliniambia tu, "Wifi, miaka miwili kwetu niliitwa mke wa mbuzi." Ndipo Nzuki akatuapisha tusiseme, watoto wasimdharau shangazi yao, akasema yeye mwenyewe ndiye atamwambia Kiilu, akatuma barua kwa basi kumwita, lakini alituacha Alhamisi tarehe 23 Julai, na Kiilu akafika Ijumaa.

Familia inashukuru madaktari na wauguzi waliomshughulikia, majirani mliobeba maji kutoka mtoni wiki nzima, Bwana Waithaka kwa gari lililoleta mwili, na waendesha pikipiki wote wa mifugo na kilimo mliomsindikiza.

Mzee Kiilu, inuka hapo mlangoni, pita katikati ya watu, wewe ndiwe utatangulia kutupa mchanga, na kama mimi nitatupa wangu, hilo Muli na Muthoki wataamua.

Lala kwa amani, Nzuki, mwana wa mama.