Pete Inapogota: Maisha ya Mzee Ayoub Kasiani Songoro, Fundi wa Lenzi

Padri wetu, mama yetu Bi Sichana, wafiwa, majirani wa Mpendae na Jang'ombe, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mzee wetu, familia inaomba usikivu wenu, kwani mengi yamesemwa juu ya miaka yake ya mwisho, kwamba alipofuka akabaki king'ang'anizi wa vitu vya kale, na si haki azikwe na maneno hayo.

Marehemu Ayoub Kasiani Songoro alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, Jang'ombe, mtoto wa tatu wa Mzee Kasiani, seremala, na Bi Veronika, akabatizwa mwaka huohuo, akamaliza darasa la nane mwaka 1963, na mwaka 1966 akaingia kazini kwa Mzee Hamid, mpiga picha wa Mji Mkongwe, kwanza kubeba taa, kisha kusafisha picha, na hatimaye kufungua lenzi zilizoota ukungu kwa unyevu wa hapa kwetu, kuzifuta, kuzianika na kuzifunga tena.

Mwaka 1974 Mzee Hamid alimpa lenzi yake mwenyewe, ya chuma na shaba, nzito kama jiwe la mizani, na pete yake, ile inayozungushwa ili sura itoke wazi, ilikwenda kwa uzito uleule tangu mwanzo hadi mwisho, kisha ikagota, haisogei tena, kwa hiyo kidole gumba cha marehemu kilijua umbali wa kila mtu bila kuuliza macho. Kwa picha za nyumbani alipimia umbali kwa kanga, yeye kashika ncha moja, anayepigwa picha ncha ya pili, na watu wa Jang'ombe walimtania, "Fundi, leo tunapigwa picha au tunapimwa gauni?", naye akijibu, "Kaza kanga, gauni utashona mwenyewe."

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na Bi Sichana Marko, na kanga aliyopimia tangu siku hiyo ilikuwa ya mkewe, wakajaaliwa watoto wanne, wa kwanza akiwa Ignasi, na wajukuu tisa, wakahamia Mpendae mwaka 1991.

Mwaka 2017 madaktari walimgundua kuwa na presha ya macho, na kufika mwaka 2022 alibaki anaona mwanga na kivuli tu, lakini aliendelea kupiga picha, kwa kanga na kidole gumba, na picha zilitoka, zipo, ziulizeni kuta za nyumba zenu kabla hamjasema kuwa alikuwa akijidanganya. Desemba mwaka huo, kwenye arusi hapahapa Mpendae, alielekeza kamera pembeni, kijana mmoja akapaza sauti, "Mzee, bibi arusi yuko huku!", ukumbi ukaangua kicheko, na Ignasi, aliyekuwapo, akarudi nyumbani na aibu iliyomkosesha chakula.

Ignasi ameketi hapa mbele na ameridhia hili lisomwe. Krismasi ile alimletea baba yake kamera mpya yenye lenzi ya plastiki, nyepesi kama kopo tupu, akaichukua ile ya zamani akisema, "Nnaipeleka kwa fundi," na marehemu akamuuliza, "Fundi gani? Fundi si mimi?", lakini lenzi ilikwishatoka mlangoni, na haikwenda kwa fundi yeyote, ilikwenda kwa rafiki yake aliyekuwa akifungua mkahawa Shangani, ikawekwa rafuni kuwa pambo la wageni. Ignasi alidhani anamkinga baba yake na kicheko.

Basi huyo ndiye mzee mliyemwona barazani akizungusha lenzi mpya mchana kutwa. Pete yake haina mwanzo wala mwisho, unazungusha inazunguka, ukizima kamera haifanyi lolote, na ndani kuna mota inayolia kama mbu na kuamua yenyewe. "Hii haigoti, Sichana," alisema, "sijui nipo wapi." Akaacha kupiga picha, akaacha kutoka, akawa anaacha chakula, na mkewe akaona wazi kwamba mumewe anamtoka angali hai.

Septemba 2024, jirani yetu Amour, apelekaye samaki mikahawani kutoka sokoni Darajani, alimwambia, "Bi Sichana, lenzi ya mzee nimeiona Shangani, imewekwa karibu na birika." Asubuhi iliyofuata alikwenda yeye na shoga yake Bi Bashira, msimamizi akamwambia, "Bibi, hilo ni pambo," naye akajibu, "Pambo kwenu, kazi kwetu, niteremshie," wakasimama katikati ya wageni wanaokunywa chai mpaka ikateremshwa. Ilikuwa inang'aa kwa mafuta ya nazi. Walikuwa wakiipaka kila wiki ili ipendeze, na mafuta yameingia ndani, yameganda, pete imekwama.

Marehemu aliifungua mezani kwake kwa kupapasa, kila skrubu na pahala pake katika sinia, akaweka alama ya penseli pale pete inapoachana na mwili, kwani hesi zake, ile mikato ya mzunguko inayoifunga pete, zina milango mingi ya kuingilia na mmoja tu ndio sahihi, ukikosea lenzi hailengi tena maisha. Bi Sichana, kwa usafi wake, alifuta mafuta, akafuta na alama. Alipogundua alilia, na mumewe akamwambia, "Ushanifanyia usafi, sasa nyamaza nisikilize." Akajaribu mlango mmoja, ikakwama, akajaribu wa pili, ikazunguka ikapitiliza, na hivyo siku nzima, mkewe hathubutu hata kukohoa, mpaka magharibi pete ilipokamata, ikaenda polepole, ikagota.

Jumapili iliyofuata alimwita Ignasi alete ile kamera mpya na kipande cha kuunganishia lenzi ya zamani. Alikaa kitini, akazungusha pete kwa gumba, akampa mwanawe kamera pamoja na ncha ya kanga, akasema, "Kaza kanga. Pete usiiguse. Bonyeza." Ignasi hakuigusa.

Tarehe 11 Februari 2025, Jumanne alfajiri, marehemu alifariki kwa kiharusi, nyumbani, mkewe akiwa pembeni yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani, hasa Amour na Bi Bashira, wapiga picha wenzake wa Mji Mkongwe, na ninyi nyote. Picha iliyo mbele ya jeneza ndiyo ile aliyoipiga Ignasi, tazameni nywele za nyusi zake, zinahesabika moja moja, na mtu mmoja alitaka kuikata kona ya chini kwa sababu inaonekana ncha ya kanga mkononi mwa marehemu, tukakataa.

Mzee Ayoub, kanga imekazwa, pete imegota, pumzika kwa amani.